Frida Wawili

SIMULIZI YA KWELI YA WIKIENDI
Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA: Jumanne, Septemba 19, 2017, saa 5 asubuhi, ving'ora vililia Mexico City nzima na hakuna aliyeshtuka. Lilikuwa zoezi la kila mwaka, kuwakumbuka maelfu waliokufa kwenye tetemeko la tarehe hiyohiyo mwaka 1985. Watu wakatoka maofisini kwa mistari, wakapiga soga barabarani, wakarudi kazini. Saa 7:14 mchana ardhi ikatikisika kweli. Tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 7.1, na kitovu chake kilikuwa takribani kilomita 120 tu kutoka jijini, karibu kiasi kwamba king'ora na mtikisiko vilifika karibu kwa pamoja. Kusini mwa jiji, eneo la Coapa, sehemu ya shule ya Enrique Rébsamen ikaporomoka wanafunzi wakiwa ndani. Wazazi na majirani wakaanza kufukua kwa mikono. Mara mtu mmoja juu ya kifusi akainua ngumi...

SASA ENDELEA...

Ngumi ikiinuliwa juu ya kifusi Mexico City, mtaa mzima hunyamaza.

Aliye karibu na mwenye ngumi huinua yake, wa nyuma yake naye huinua, na ishara hupokezana hivyo hadi kwa yule wa mwisho kabisa kwenye mstari wa ndoo, ambaye haoni hata jengo lenyewe. Jenereta huzimwa. Sululu huwekwa chini. Malori husimama palepale yalipo, na aliyekuwa analia hujiziba mdomo kwa kiganja. Ni desturi ya waokoaji, na watu wa jiji lile hawahitaji kuelezwa maana yake. Aliyesimama penye kifusi Nairobi Agosti 1998, au Kariakoo Novemba 2024, anaujua ukimya wa namna ile: watu mamia wamebanana bega kwa bega, na unachosikia ni pumzi yako mwenyewe.

Katika ukimya huo, mtu mmoja hulaza sikio kwenye zege na kuita. Kisha husubiri.

Wakati mwingine jibu huja. Mwaka 1985 jiji hilohilo lilishuhudia watoto wachanga wakitolewa hai kwenye magofu ya Hospitali ya Juárez siku kadhaa baada ya tetemeko, na mpaka leo watu wa kule huwaita watoto wa muujiza. Ndiyo maana hakuna mama wa Mexico City anayekubali kirahisi kuambiwa kuwa muda umepita. Kila mtu pale nje ya shule ya Rébsamen alikuwa amekua akisikia habari za wale vichanga.

Lakini mtu aliyezimia hajibu. Mtoto mwenye vumbi kooni hajibu. Sikio likishindwa, zamu huwa ya pua.

Jeshi la Wanamaji la Meksiko lilikuwa na mbwa wake wa uokoaji jijini. Wawili walikuwa vijana wa mwaka mmoja na nusu, aina ya Malinois wa Ubelgiji, wepesi wa miguu na wepesi wa hamaki. Mmoja aliitwa Eco, mwingine Evil. Wa tatu alikuwa Labrador jike wa rangi ya manjano, miaka minane, umri ambao mbwa wa kazi huanza kufikiriwa kustaafishwa.

Jina lake Frida.

Picha zake zilikuwa zinaanza kuzunguka dunia wiki ile: miwani mikubwa ya kuzuia vumbi usoni, viatu miguuni, mkanda wa jeshi kifuani. Watu waliona kituko cha kupendeza. Waliomfahamu waliona kingine. Mbwa yule alikuwa amefanya kazi Haiti baada ya tetemeko la 2010. Siku kumi na mbili tu kabla ya Rébsamen, usiku wa Septemba 7, tetemeko la ukubwa wa 8.2 lilikuwa limelipiga eneo la kusini mwa Meksiko, na Frida alipelekwa Juchitán, mji wa jimbo la Oaxaca ulioumia vibaya. Hesabu ya jeshi ilikuwa kwamba maishani mwake amewagundua watu 12 walio hai, na maiti zaidi ya 40.

Itazame tena hesabu hiyo, ndugu msomaji. Mbwa huyu mashuhuri kuliko wote wa Meksiko, kwa kila mtu hai aliyemfikia, aliwafikia zaidi ya watatu waliokwisha kufa.

Na sasa alikuwa nje ya shule.

*

Kabla hatujamfuata kwenye kifusi, sharti tujue anakwenda kufanya nini mle. Wengi hudhani mbwa wa uokoaji anatafuta watu. Kwa akili yake mwenyewe, anatafuta mpira.

Kazi hii huanza kwa kuchagua. Mwalimu hawatafuti watoto wa mbwa wapole wala wakali. Hurusha mpira kwenye majani marefu, mahali ambapo hauonekani, kisha hutazama saa. Mmoja atanusa mara mbili aondoke akacheze na kipepeo. Mwingine atatafuta mpaka achoke, alale. Kuna mmoja, mara nyingi ni yule anayewachosha watu nyumbani, ambaye ataendelea kutafuta wenzake wakiwa wamekwisha kula na kulala. Huyo ndiye anayechukuliwa.

Kisha mchezo unaanza. Msaidizi anamwonyesha mbwa ule mpira, anakimbia nao, anajificha nyuma ya ukuta mfupi huku mbwa akimwona. Mbwa anaachiwa, anamfikia, anabweka. Mara tu anapobweka mpira unarushwa, na mtu aliyejificha anacheza naye kwa furaha kama mwendawazimu. Somo la kwanza limeingia: binadamu aliyefichika ana mpira, na ufunguo wake ni kubweka.

Somo la pili, msaidizi anaingia kwenye pipa na kufunikwa. Mbwa anafika, hamwoni mtu, ila harufu inamwambia yumo. Atataka kukwaruza kifuniko. Hapewi kitu. Atazunguka, atarukaruka, ataudhika. Hapewi kitu. Mpaka abweke, tena asimame hapohapo abweke mfululizo. Ndipo pipa linafunguka na mpira unatoka.

Ukali huo juu ya kukwaruza una sababu. Chini ya kifusi mtu huishi ndani ya uwazi mdogo: pembe iliyobaki chini ya ngazi, au mwanya kati ya meza na dari iliyolala. Uwazi ule unashikiliwa na vitu vilivyoegemeana kwa bahati tu. Mbwa akianza kuchimba kwa pupa, anaweza kukivuta kipande kilichokuwa kinamhifadhi mtu. Kwa hiyo hufundishwa kupiga kelele na kuwaachia binadamu wachimbe.

Halafu huja masomo ya miguu. Kupanda ngazi ya chuma iliyoinama. Kutembea juu ya ubao unaonesanesa. Kupita kwenye bomba lenye giza ambalo mwisho wake hauonekani. Kugeuka na kurudi kinyumenyume pale njia inapokwisha. Mbwa jasiri kupita kiasi anakataliwa, kwa kuwa ataanguka. Anayetakiwa ni yule anayejaribu kwa kidole kabla ya kukanyaga. Hata juu ya viatu kama vya Frida wataalamu hawakubaliani. Wako wanaowavalisha mbwa kwa ajili ya vioo na misumari. Vikosi vingine, vya Marekani kwa mfano, huwaingiza kifusini bila kiatu, bila hata ukosi wa shingoni, kwa hofu kwamba kitu chochote kilichovaliwa kinaweza kunasa kwenye nondo mahali ambapo hakuna mkono wa kumnasua.

Yote hayo huchukua mwaka, mara nyingi zaidi. Na bado hatujafika kwenye somo lililo gumu kuliko yote, somo ambalo lilikuwa linakwenda kupimwa Coapa mbele ya taifa zima.

Somo hilo ni kifusi kitupu.

*

Siku ya somo hilo, mwalimu hupanga marundo ya zege na matofali, na kwenye rundo moja haweki mtu yeyote. Anafukia nguo zilizovaliwa. Anafukia chakula. Kisha anamwita mwongozaji na mbwa wake, na hawaambii kitu. Mwongozaji hajui kama mle mna watu wawili, mmoja, au hakuna.

Mbwa anaingia. Anazunguka. Ananusa nguo, anazipita. Ananusa chakula, mate yanamtoka, anakipita. Dakika zinakwenda. Mwongozaji kasimama ukingoni, jasho linamtiririka, moyoni anasema, haiwezekani kusiwe na mtu. Na hapa ndipo hatari ilipo, kwa sababu mbwa anayeishi na mtu huyo usiku na mchana humsoma mwilini. Anaona bega lilivyoinama. Anasikia pumzi ilivyobadilika. Anaona mahali ambapo macho yamekaa muda mrefu kuliko pengine. Mbwa anaupenda mpira, na anajua mpira hutoka kwa binadamu. Akihisi kwamba bwana wake anataka abweke pale, atabweka pale.

Hili lilipimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwachukua mbwa 18 wa kunusa dawa za kulevya na mabomu, pamoja na waongozaji wao, wakawapeleka wakague vyumba ambavyo havikuwa na dawa wala bomu. Waongozaji waliambiwa kwamba baadhi ya sehemu zina harufu iliyofichwa, na kwamba penye karatasi nyekundu ndipo ilipo. Jibu sahihi lilikuwa sifuri. Lakini katika ukaguzi mwingi waongozaji walitangaza kuwa mbwa wao amegundua kitu, na hasa pale penye zile karatasi. Mbwa hawana habari na karatasi nyekundu. Waliokuwa na habari nayo ni watu.

Kwa hiyo mwalimu mzuri hamfundishi mbwa peke yake. Humfundisha mwongozaji asimame mbali, atazame upepo, afunge uso wake. Mbwa akitoka kwenye kifusi kitupu bila kubweka, ndipo hushangiliwa kuliko siku zote. Maana mbwa asiyeweza kusema "hakuna" hana faida hata kidogo siku anaposema "yupo."

Weka neno hilo akilini. Tutalihitaji.

*

Sasa turudi shuleni.

Kwenye kikosi kile cha wanamaji, utaratibu ulijulikana. Eco na Evil, wenye damu ya moto, ndio hutangulia. Wakionyesha mahali, Frida huingia baada yao kuthibitisha. Vikosi vingi duniani vina kanuni kama hiyo: pua moja haiaminiwi. Mbwa wa pili huletwa, mara nyingi na mwongozaji ambaye hakuambiwa wa kwanza alibweka wapi, na pua mbili zikikubaliana ndipo mitambo husogezwa.

Lakini hata pua mbili zikikubaliana, swali kubwa halijajibiwa: mtu yuko wapi hasa? Harufu ya binadamu ni chembe za ngozi, jasho na pumzi, vitu vinavyosafirishwa na hewa. Fikiria jiko la kuni ndani ya nyumba ya makuti. Moto uko pembe moja, ila wewe uliye nje unaona moshi ukichomoza upande wa pili wa paa, pale makuti yalipolegea. Ndivyo harufu ya mtu inavyotambaa chini ya dari zilizolaliana, ikifuata bomba, ikipanda tundu la ngazi, mpaka itokee mita kadhaa kutoka alipo. Mbwa hubweka pale inapotokea. Kutoka hapo kwenda kwa mtu ni kazi ya wahandisi, ramani ya jengo na kumbukumbu za walimu: darasa la ngapi lilikuwa wapi, ngazi zilielekea upande gani.

Jua likiwaka, hewa hupanda na kuibeba harufu juu kabisa ya kichwa cha mbwa. Usiku ukipoa, hushuka na kujikusanya mabondeni mwa kifusi, mahali ambapo hapana mtu. Na watu wenyewe huharibu. Pale Rébsamen palikuwa na wanajeshi, askari, madaktari, wazazi na vijana wa kujitolea, kila mmoja akiacha harufu yake alipokanyaga. Mbwa alitakiwa kuwapuuza wote hao na kumtafuta aliyefichika tu.

Mwongozaji wa Frida, Israel Arauz, alikuwa mtu wa kumsoma mbwa huyo bila maneno. Waongozaji wa namna yake hutambua tofauti kabla mdomo haujafunguka. Akikuta aliye hai, mbwa huchangamka, mkia juu, sauti ya wazi. Akikuta aliyekufa, wengi wao husita. Hupunguza mwendo, hurudi nyuma hatua moja, hutazama nyuma kama anayeuliza. Siku zikipita na wakikuta wafu tu, mbwa hunywea. Baada ya Septemba 11, 2001, kwenye magofu ya New York, waongozaji waliona mbwa wao wakikata tamaa, wakabuni dawa: mtu mzima mwenye afya anajificha kwenye kifusi, mbwa anamkuta, anabweka, anapata mpira wake. Mbwa anarudi kazini akiamini kwamba dunia bado ina watu.

Binadamu pale Coapa hawakuwa na mtu wa kuwafanyia hivyo. Watoto 11 walikuwa wamekwisha tolewa hai. Kila maiti iliyofuata ilipita mbele ya wazazi ambao walikuwa bado hawajaitwa. Jumanne ikaisha. Jumatano ikapambazuka.

Na Jumatano hiyo, Septemba 20, habari ikatoka chini ya zege.

Kulikuwa na mtoto. Yuko hai. Ni msichana.

*

Lisemwalo lipo, walisema wahenga, na kama halipo laja.

Ilisemwa kwanza kwamba kifaa cha kupima joto kimeonyesha uhai. Kisha ilisemwa kwamba mwokoaji amemwona mtoto akichezesha vidole. Ilisemwa amejikinga chini ya meza ya mawe, na ndiyo iliyomwokoa. Ilisemwa amepelekewa maji kwa mpira mwembamba. Ilisemwa ameongea, na amesema wenzake wako naye.

Hatimaye ikasemwa jina lake.

Frida Sofía.

Mbwa anayetafuta anaitwa Frida, na mtoto anayetafutwa anaitwa Frida. Hakuna mtunzi wa hadithi ambaye angethubutu kuandika hivyo. Mhariri angeufuta mstari. Lakini kamera za televisheni zilikuwa pale, zikirusha matangazo moja kwa moja saa baada ya saa, na taifa lililokuwa limezika watu tangu jana yake likaliokota jina hilo na kulishika kwa mikono miwili. Watu ambao hawakuwahi kufika Coapa wakawasha mishumaa. Kwenye mitandao, nchi baada ya nchi, walimwombea msichana wa miaka kumi na mbili ambaye hakuna aliyekuwa na picha yake.

Afisa mwandamizi wa wanamaji akaiambia televisheni kwamba mtoto yupo na yuko hai. Waziri wa Elimu, Aurelio Nuño, naye akamzungumzia mbele ya waandishi. Kazi ikabadilika. Mashine nzito zikakatazwa kusogea, kwa kuwa mtikisiko mmoja ungeweza kumfukia. Magogo yakaletwa ya kuegemeza dari. Mvua ikanyesha, turubai zikatandazwa. Ngumi zikawa zinainuliwa mara kwa mara, na kila zilipoinuliwa watu walijiambia kuwa safari hii ndiyo yenyewe.

Ngumi zikashuka tena.

Hebu nikuulize, ndugu msomaji, kama mwalimu wa mbwa angekuuliza. Kamera ya joto husoma nini? Husoma uso wa kitu. Haipenyi zege. Hukuonyesha penye joto, bila kukwambia kama ni kifua cha mtoto au ni nyaya, taa, bomba, au mkono wa mwokoaji mwenzako aliyeingilia upande wa pili. Na sauti? Ndani ya kifusi chenye waokoaji watano waliolala kifudifudi katika mashimo matano, ukiita "gonga mara mbili kama unanisikia," ni nani hasa anayegonga?

Pengine hakuna aliyesema uongo kwa kukusudia. Usimhukumu mtu yeyote kwa hilo. Mwanamume aliyelala kifudifudi kwa saa nane chini ya tani za zege, anaye nyumbani binti wa umri huohuo, ameita gizani na amesikia kitu. Unataka aseme hakusikia? Mwenzake nje amepokea neno, akampa wa tatu, wa tatu akampa mwandishi wa habari. Kila mkono ulioipokea habari ile uliiongezea kidogo tu, kwa upendo. Penye karatasi nyekundu, sote tunanusa.

Mbwa hajui methali. Mbwa hana binti. Na kama alifundishwa vizuri, amejifunza jambo ambalo taifa zima lilikuwa limelisahau usiku ule: kutoka kwenye kifusi bila kubweka.

*

Lilikuwapo swali moja dogo, na alfajiri ya Alhamisi liliacha kuwa dogo.

Nje ya kila jengo lililoanguka Mexico City, majina yalibandikwa ukutani. Walioonekana. Wasioonekana. Waliopelekwa hospitali, na hospitali ipi. Wazazi wa Rébsamen walisimama pale siku mbili bila kulala. Mwokoaji akitoka na jina la mtoto mdomoni, palikuwa na mama wa kulipokea kabla halijafika chini. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtoto wa shule ile, aliye hai na aliyekufa.

Sasa jina la Frida Sofía lilikuwa limetangazwa kwenye televisheni ya taifa. Limesomwa na watangazaji. Limevuka bahari. Liliwafikia watu ambao hawajui Meksiko iko upande gani wa dunia.

Na hakuna mama aliyejitokeza.

Hakuna baba. Hakuna shangazi, hakuna jirani aliyesema, "namjua, hukaa mtaa wa pili." Waziri mwenyewe alikiri kuwa jamaa zake hawajapatikana. Wengine wakaeleza: huenda wazazi nao wamefukiwa kwingine. Wengine: huenda jina limesikika vibaya, ni Sofía tu, au ni jina jingine kabisa. Moyo ukishaamua, hukosi maelezo. Lakini shule ina daftari la wanafunzi, na daftari linahesabika. Maofisa wakakaa na uongozi wa shule. Wakachukua jina moja moja. Huyu yuko nyumbani. Huyu yuko wodini. Huyu tumemzika. Huyu yuko nyumbani. Kalamu ikashuka ukurasa hadi ukurasa.

Kifusini, chini ya turubai zilizolowa, waokoaji walikuwa bado wanasogea sentimita kwa sentimita kumfuata.

Alhamisi mchana, Septemba 21, Ángel Enrique Sarmiento, naibu waziri wa wanamaji, akatoka kuzungumza na waandishi. Mchana ule ulikuwa wa tatu tangu tetemeko, na muda ambao waokoaji duniani kote huuhesabu kwa hofu, saa 72 za mwanzo, ulikuwa umebakiza takribani siku moja tu. Kamera zote ziligeukia kwake. Nchi nzima ilikuwa inangoja kuambiwa kwamba amefikiwa.

Alianza na hesabu. Watoto 11 waliokolewa. Watoto 19 walifariki dunia, pamoja na watu wazima sita. Watoto wengine wote, alisema, wako hospitalini au wako salama majumbani kwao.

Waandishi wakatazamana. Wale wepesi wa kujumlisha walikuwa wamekwisha elewa. Hesabu ilikuwa imefungwa, na haikuacha nafasi ya mtoto hata mmoja.

Hakukuwa na Frida Sofía. Hakuwahi kuwapo.

Lakini Sarmiento alikuwa hajamaliza. Kwa maana ndani ya shule ile, alisema, bado kulikuwa na dalili. Kulikuwa na alama za damu, na michirizi kama ya mtu aliyejikokota akitafuta njia ya kutoka. Inawezekana kabisa kwamba kuna mtu mle, na inawezekana bado anapumua.

Si mtoto. Ni mtu mzima.

Siku mbili nchi ilikuwa inamwita kwa jina la mtu mwingine.

Je, ni nani aliyekuwa chini ya zege? Saa zilizobaki zilitosha? Na taifa lililodanganywa na matumaini yake lenyewe lilimpokeaje naibu waziri yule?

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Mwambie mwenzako aanze na Sehemu ya Kwanza, na wewe usikose Sehemu ya Tatu.